Dalia za Doti

Kezia mwanangu,

Kwanza ujue unamuaga nani. Unamuaga mwanaume ambaye, kama dunia ingekuwa na haki, sanamu yake ingesimama nje ya stesheni yetu ya St Marys hapa Australia, jembe begani, kifua wazi, na wasichana wa Penrith wangekuwa wanashuka kwenye treni kuja kupiga naye picha. Mimi Jado, mtoto wa kambi ya wakimbizi, niliyeishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nililimaliza kwa kuchungulia daftari la jirani, ndiye bingwa wa kuzika maua na kuyafufua katika nusu yote ya kusini ya dunia. Watu wenye shahada za bustani wakipita mbele ya nyumba yetu mwezi wa pili wanapunguza mwendo wa gari. Umeona mwenyewe. Yule mzee wa posta alisema maua yangu ni makubwa kuliko kichwa cha mjukuu wake. Nikamjibu kwamba ni makubwa kuliko akili zake pia, ila nilimjibu kwa Kiswahili, naye akanishukuru.

Sasa ni jioni. Nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Mama yako anakunja nguo ambazo ulishazikunja, na wewe uko chumbani unacheka na simu. Kesho saa hizi utakuwa Orange, ng'ambo ya milima, mji wenye jina la chungwa na hauoti chungwa hata moja kwa sababu ya baridi. Vyuo vya uuguzi vipo hata hapa. Ungeweza kukaa kule Campbelltown na wenzako Waafrika, Jumapili ukapanda treni ukaja kula ugali. Wewe umechagua barafu. Na baada ya muda mfupi watakupeleka kwenye nyumba za wazee kujifunza kazi, na korona bado inaingia humo na kutoka kama mpangaji mwenye ufunguo wake.

Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Mama yako amekuambia hayo mpaka sauti imemkauka. Nakuandikia kwa sababu naogopa. Nimeliandika hilo neno na nimeliangalia kidogo, maana si neno langu. Naogopa ugonjwa. Naogopa ile reli ya milimani. Naogopa hao wasichana wawili utakaokaa nao, ambao sijui hata kama wanafunga mlango usiku. Lakini ninachoogopa zaidi ni kesho asubuhi. Umesema kabla ya treni tupite Penrith, kwenye ile nyumba ya wazee, kumuaga Doti, jirani yetu wa zamani, na umesema safari hii nishuke kwenye gari.

"Dad, kila siku unabaki garini," ulisema. "Atafikiri humpendi."

Nikasema sijapima korona. Nikasema kile kijiti cha puani kinanitoa machozi kama nimefiwa. Nikasema barakoa zao zinaniwasha masikio. Ukacheka, ukaenda dukani, ukarudi na kipimo ukakiweka mezani karibu na funguo zangu. Leo nimekipita huku nikitazama dari, kama mtu anayepishana na anayemdai.

Mbele yangu hapa kuna boksi la viatu. Nakufungia viazi vya dalia, mizizi ya yale maua yangu makubwa, uende navyo. Huko Orange baridi inakuja mapema kuliko kwetu, kwa hiyo usivipande sasa hata rafiki zako wakikuambia nini. Viweke chini ya kitanda, upande wa ukuta usiopigwa na jua, ukavipande mwezi wa kumi. Hayo ndiyo maelekezo yote. Yaliyobaki ni namna nilivyoyajua, na sikuyajua kwa akili.

Ule mwaka wa kwanza tulipohamia nyumba hii ulikuwa mdogo, hujaanza hata kujibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nasimama nyuma ya nyumba nikitazama upande wa pili wa uzio, kwa yule mzungu mwembamba mwenye miguu ya korongo, mjane, anayevaa kofia moja mvua na jua. Siku moja akanitazama na yeye.

"Wewe," akasema. "Unajua kuchimba?"

"Mama, mimi nilizaliwa nikichimba."

"Basi njoo uchimbe. Usiongee."

Ndivyo nilivyojuana na Doti. Ulikuwa mwezi wa tano kama sasa. Majani ya dalia zake yalikuwa yamepigwa na baridi ya usiku, yamekuwa meusi, yamening'inia kama soksi zilizolowa. Aliyakata mashina akaacha kipande cha kiganja kimoja, akanionyesha nichimbe kwa mbali, nizunguke, ninyanyue taratibu. Nikacheka moyoni. Mtu anifundishe mimi kutoa kiazi ardhini? Nikapiga jembe la kwetu, mara moja, katikati. Lilitoka fungu zima, viazi vinene kama vidole vya bondia, na nusu yake vimekatika.

Doti akaokota kimoja, akakigeuzageuza.

"Umekata shingo," akasema.

"Kiazi si kizima hiki?"

"Kizima, ndiyo. Lakini jicho lake liko shingoni, si mwilini kama mbatata. Hiki sasa ni kizuri cha kutazama. Hakitaota hata ukikiombea."

Hata hivyo alinipa fungu langu, lenye shingo. Akaniambia nikavikaushe kivulini, kichwa chini, maji yatoke kwenye mashina, halafu nivifukie kwenye boksi la maranda ya mbao, mahali pa giza. Nikamwambia nimeelewa. Nikaja nyumbani nikafanya ninavyojua mimi. Bibi yako, kule kambini, mbegu ya mahindi aliifunga kwenye kamba akaitundika juu ya moto jikoni. Moshi unafukuza wadudu, panya hafiki, na mtoto mwenye njaa hathubutu. Mbegu haikuwa chakula. Ungeweza kulala na njaa chini yake ukiitazama. Basi nikavitia viazi vya Doti kwenye nyavu za machungwa, nikavitundika juu ya jiko letu la gesi, nikajisifu kwa mama yako. Wewe ukaenda shuleni ukamwambia mwalimu wako kwamba baba anakausha viazi kama samaki.

Ilipofika wakati wa kupanda Doti aliingia jikoni kwetu kwa mara ya kwanza. Akainua macho.

"Jado, ni nini hiyo?"

"Mbegu, mama."

"Hiyo ni mishikaki."

Vilikuwa vimesinyaa mpaka vikigongana vinalia kama kokoto. Nilicheka naye, lakini nilinuna wiki nzima. Si kwa ajili ya maua. Mbegu ndiyo kitu pekee nilichokijua kabla ya kujua kusoma, na hapa hata hicho sikijui. Mbegu za huku hazitaki moto wala hazitaki baridi. Hazitaki maji wala ukavu. Zinataka uziache mahali pa katikati, halafu uende kuziangalia bila kuzisumbua. Huko unakokwenda utakutana na mambo ambayo hapa nyumbani uliyafanya vizuri sana na huko yataharibika mikononi mwako. Nuna wiki. Ukimaliza kununa, rudi ukaulize. Mimi nilirudi, na hilo ni moja kati ya mambo machache ya busara niliyowahi kufanya. Mengine yote alifanya mama yako.

Halafu ukaja ule mwaka wa kwanza wa korona. Unakumbuka maduka? Watu wakipigania karatasi za chooni, nami nikawacheka, nikasema wazungu wanaogopa kwa upande wa nyuma. Kisha nikafika kwenye rafu ya mchele. Ilikuwa tupu, Kezia, tupu mpaka kwenye bati. Tumbo langu likakumbuka kabla yangu. Nilikulia kwenye foleni ya posho mimi. Niliwahi kuona mtu mzima akiokota punje moja moja za mahindi mchangani mbele ya wanawe. Nikarudi nyumbani, nikachukua jembe, na bustani nzima ya mbele nikaipindua siku ile ile. Dalia zilikuwa bado zimechanua. Nikazing'oa na maua yake, nikapanda maharage, mahindi na magimbi.

Doti akaja kwenye uzio na barakoa yake ya kitambaa cha waridi.

"Jado, bado zina maua."

"Mama, maua hayaliwi."

"Hapa hakuna njaa."

"Kila mahali hakuna njaa mpaka siku inapokuwepo."

Akaninyooshea mkono juu ya uzio, akakumbuka hatutakiwi kugusana, akaurudisha.

"Ukizitoa sasa, viazi havijajiandaa," akasema. "Subiri mpaka jani liwe jeusi."

Sikusubiri. Papa Benja, yule Mkongo wa Campbelltown ninayefanya naye kazi ghalani, alipopita kuniletea mbegu ya magimbi akakuta maboksi ya viazi yamejaa sebuleni. "Ndugu yangu," akasema, "hii viazi utakula lini? Ama unafuga?" Alicheka peke yake. Viazi vile ngozi ilikuwa changa bado, laini kama ya mtoto, na katikati ya baridi vikaoza vyote humo maboksini. Wewe ndiye uliyesikia harufu, ukasema kuna panya amekufa. Na maharage yangu? Mtu gani anapanda maharage majira ya baridi yakiwa mlangoni? Umande wa kwanza ulioganda uliyamaliza asubuhi moja. Mchele ulikuwa umesharudi madukani siku nyingi. Gunia nililolificha chini ya kitanda chetu bado lipo, na wadudu waliomo sasa ni raia wa Australia.

Ninachotaka kusema, ukiacha kunicheka, ni kwamba siku ile mikono yangu haikuwa yangu. Nilijiona hodari. Nilichimba kama trekta, jasho, kelele, majirani wanatazama. Ukiniona ungesema huyu haogopi kitu. Kumbe nikiogopa ndipo ninapofanya kazi sana na kuongea sana. Wewe sivyo. Wewe ukiogopa unanyamaza na uso unakuwa kama wa mama yako. Lakini una damu yangu pia, na siku moja huko, mbele ya kitanda cha mgonjwa, mikono itataka kufanya kitu chochote ili mradi ifanye. Izuie kidogo. Tazama jani kwanza.

Doti alinipa tena mbegu mwaka ule. Hakusema "nilikuambia." Tukaweka utaratibu: nikatoa ubao mmoja kwenye uzio ili nipite, na kila mwanzo wa mwezi, baridi yote, tulikaa kwenye banda lake nyuma ya nyumba, kila mtu juu ya ndoo iliyopinduliwa, madirisha wazi kwa ajili ya korona. Tulifukua viazi kimoja kimoja. Kilicholainika tunakikata, kilichosinyaa tunakinyunyizia maji kidogo, kilicho kizima kinarudi kulala. Alileta chai kwenye chupa. Alinisimulia mumewe, nami nikamsimulia kambi, yale ya kuchekesha tu. Wewe ulikuja mara nyingine ukakaa mlangoni na kitabu. Naamini ni pale ulipoanza kupenda wazee. Mimi sikukupeleka kwenye uuguzi, aliyekupeleka ni yeye.

Kisha mwaka jana, kufungiwa kwa mara ya pili. Unajua kulivyokuwa upande wetu wa mji: helikopta juu, polisi barabarani, usitoke mbali na kwako. Halafu wanajeshi. Kila mtu alisema wanaleta chakula, wanauliza hali. Kijana mmoja mwenye sare alisimama mlangoni kwetu, nami nikakuvuta mkono tukakaa kwenye korido, chini.

"Dad," ukaninong'oneza, "amebeba boksi la tambi."

Nilijua ni tambi. Nilikuwa nimeiona kwa tundu la mlango. Lakini mara ya mwisho wanajeshi kupita nyumba kwa nyumba mahali nilipokuwa, nilikuwa bado naota meno ya mbele, na asubuhi ya siku ile baba yangu alikuwa bado hai. Sijawahi kukuambia zaidi ya hapo, na leo pia sikuambii zaidi. Sikuificha habari hiyo ili nionekane mwanaume. Niliificha ili isikufuate.

Siku ile nilirudisha ubao wa uzio, nikaupiga misumari. Ulipouliza nilisema ni sheria ya korona. Haikuwa sheria. Kumsaidia jirani mzee kuliruhusiwa, nilisoma mwenyewe kwa darasa langu la sita. Niliziba kwa sababu kila upenyo ulinitia hofu.

Mwanzo wa mwezi ukafika. Doti akapiga simu.

"Viazi havijui kama tumefungiwa," akasema. "Unakuja?"

"Tutaangalia mwezi ujao, mama."

"Mwezi ujao vitakuwa supu. Basi nitaangalia mwenyewe."

"Sawa," nikasema.

Ulikuwepo hapo yaliyofuata yalipojulikana. Alianguka bandani mchana ule, akalala pale kwenye sakafu ya saruji mpaka asubuhi, alipokutwa na yule mama anayepeleka chakula kwa wazee. Nyonga ilikuwa imevunjika. Ile baridi iliyoua maharage yangu ndiyo iliyomlalia usiku kucha. Walikuja watu wa ambulansi wamevaa manailoni kama wanakwenda mwezini, nawe ukasimama dirishani unalia, unauliza imekuwaje hakuna aliyesikia. Mama yako alikuwa kazini. Wewe ulikuwa na masomo yako kwenye kompyuta, masikio yamezibwa. Nami nikakuambia nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala fofofo, unanijua nikilala.

Hakurudi tena nyumbani kwake. Mwanawe akaiuza nyumba, akanipa maboksi ya viazi juu ya uzio, akanisalimu kwa kiwiko kama ilivyokuwa desturi siku zile, akaniambia mama yake anasema vitunzwe na Jado. Nimevitunza. Sijapoteza hata kimoja. Bustani yote inayowapunguzisha watu mwendo ni yake, na kila niliposifiwa nilifungua mdomo na kupokea. Wewe ukawa unampelekea maua kila Jumapili, unapima pua, unavaa barakoa, unaingia. Nami garini. Ukirudi unaniletea salamu. Jumapili iliyopita ulifunga mkanda, ukasema, "Anakusalimu. Anasema usijisikie vibaya. Anasema anajua Jado angekuja kama angesikia."

Nikawasha gari. Nikatazama kioo cha nyuma kana kwamba kuna msongamano wa magari, na barabara ilikuwa tupu.

Barua hii nitakupa kesho tukiwa njiani, kabla hatujafika kwake. Utaisoma kwa shida kwa sababu Kiswahili chako cha kusoma ni kibovu na mwandiko wangu ni mbovu zaidi, lakini njia ni ndefu na taa nyekundu ni nyingi. Ukimaliza, wewe ndiye utakayesema kama nishuke au nibaki. Nitafanya utakalosema. Ukitaka kutoniaga stesheni pia nitaelewa, ila boksi la viazi lichukue, hilo ni la kwake, si la kwangu.

Siandiki ili uniambie si kitu. Unakwenda kukaa na watu watakaokuita kutoka vitandani, na wengine watakuita siku ambayo korona iko chumbani mwao, na utaogopa. Mtu yeyote asikudanganye kwamba hutaogopa, hasa mimi. Nilikuwa nikikuambia sisi hatuogopi, nawe uliamini, na sasa unapanda treni ukiwa na uongo huo begani. Uogope. Lakini mtu akikuita, itika hata kama huwezi kwenda. Sema tu nipo, nimesikia, nakuja au naita mwingine. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, Kezia. Nisingehitaji hata kuvuka uzio.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa jikoni, nimesimama, na pazia nimelifunga. Wanajeshi walikuwa tena mwisho wa mtaa, nasikia wakigonga milango. Ndipo nikamsikia. Hakupiga kelele. Aliita "Jado," akapumzika, akaita tena, kwa sauti ileile ya kuomba nimpitishie ndoo. Nilijua yuko bandani. Nilijua ameanguka, maana sauti ilitoka chini. Aliita mpaka jua likaanza kuzama, jina langu tu, hakuita la mtu mwingine. Nikaongeza sauti ya redio.